Barua ya wazi kwa waheshimiwa: senene mnawala ofisini, kumbikumbi zetu mnazimwaga chini

Mbukwenyi waheshimiwa.

Naanza na salamu ya hapa hapa Dodoma maana na habari yenyewe ni ya hapa hapa. Mi ni mama wa miaka 36, nauza karanga, ubuyu, mbegu za maboga, na mvua zikishaanza nauza na kumbikumbi, wale mchwa wenye mabawa. Nimeanza kuzunguka na sinia kichwani mtoto wangu wa kwanza akiwa chekechea na saivi yuko sekondari, kwa hiyo huu mji naujua kwa miguu sio kwa kusimuliwa, najua ofisi gani wanapenda karanga za chumvi na ofisi gani wanakopa. Nawaandikia nyie mnaosimamia masoko, afya, viwango na chakula cha watoto mashuleni, wa jiji na wa wizarani kule mji wa serikali, Mtumba. Barua ya namna hii sijui inaanzia meza gani, kwa hiyo nimeona bora niiweke wazi kila mtu asome na kila mtu ajijue.

Desemba iliyopita mvua ya kwanza ya maana ilinyesha usiku, asubuhi nikawa na kumbikumbi wengi, nikawakaanga, nikawaanika, kesho yake nikaingia sokoni. Soko silitaji, na waliohusika siwataji, wenyewe wanajijua. Nimekaa pembeni ya akina mama wa dagaa, sinia langu upande mmoja karanga, upande mwingine ubuyu, katikati kumbikumbi na kikombe cha kahawa cha kupimia, shilingi 500 kikombe. Akaja mgambo na mwenzie. Akainama, akachukua kumbikumbi mmoja kwa vidole viwili kama mtu anaetoa unywele kwenye chai, akaniuliza, "Mama, hizi takataka umezitoa wapi?" Nkamwambia sio takataka baba, ni kumbikumbi, onja. Hakuonja. Karanga akazimimina kwenye mfuko wangu wa rambo vizuri tu, ubuyu nao akaumimina, yani alikuwa na adabu kabisa na ubuyu, alafu kumbikumbi akazimwaga chini na sinia akaondoka nalo. Kuku wa jirani walikuja mbio kama wameitwa harusini. Watu wakacheka, kijana mmoja akatoa simu akarekodi. Mi nilibaki nimeshika kile kikombe.

Sasa sikilizeni, siku ya tatu yake nikapeleka karanga kwenye ofisi moja ninayopelekaga kila Ijumaa. Nakuta watu wamezunguka meza, wanacheka, wanagombania kopo. Nikadhani ni keki ya besdei. Kumbe kuna bosi katoka likizo Bukoba kaja na senene, wamekaangwa vizuri, wako kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko mwekundu, kila mtu anachota kiganjani. Wakanipa na mi wawili, watamu kweli sikatai. Nkasema ahaa basi na mi nauza kumbikumbi, nikipata nitawaletea. Kimya. Dada mmoja mwenye kitambulisho shingoni akakunja uso, "Ile michwa? Aaah mama, hapana jamani," na wakati anasema hivo mguu wa senene umemganda kwenye lipustiki.

Nilitoka pale nacheka peke yangu barabarani mpaka dereva bajaji akaniuliza mama vipi. Ila baadae usiku ndo nikaanza kuumia. Maana mpaka siku ile nilikuwa naamini tatizo ni wadudu, kwamba watu wa mjini hawapendi wadudu basi, kila mtu na tumbo lake. Kumbe hapana. Tatizo ni nani anaekula. Senene ana kwao, ana kopo, ana mfuniko, analetwa zawadi. Kumbikumbi ni chakula cha Mgogo wa kijijini na mtoto asie na viatu, basi anaitwa takataka.

Na msinielewe vibaya, Wahaya nawapenda na hapo nawapa maua yao. Wao Novemba ikifika wanawasha taa kali, wanasimamisha mabati, senene wanateleza kwenye mapipa, na senene wao wanapanda basi wanafika mpaka Dar. Hawakusubiri mtu awaambie ni chakula. Sisi huku kati tulianza kuona aibu kabla hata ya kuchekwa. Bibi yangu alikuwa akisikia gari la wageni linakuja anafunika chungu cha kumbikumbi anatoa mayai. Mtu anaficha chakula kitamu anatoa cha kawaida, eti heshima.

Alafu lugha nayo ina mambo yake. Ukoo ni ule ule, anaekaa chini ya ardhi akatafuna mlango wako ni mchwa, anaeota mabawa akaruka ni kumbikumbi. Na nyie wenyewe kwenye vikao vyenu kila mwaka mnalalamika kuna mchwa wanakula hela za halmashauri. Sasa anaekula halmashauri anaitwa mheshimiwa, mi ninaekula mchwa naitwa mshamba. Naomba msamaha kwa hilo, ila limeshatoka.

Kwa ambao hamjawahi ona wanavyopatikana ngoja niwaeleze maana nahisi wengi mnadhani tunaokota tu njiani. Kule kwa bibi, upande wa Bahi, kulikuwa na kichuguu nyuma ya nyumba kirefu kuliko mtu, na kijiji kizima walijua kile ni cha bibi, huwezi kwenda kukichimba hovyo kama huwezi kwenda kukamua ng'ombe wa mtu. Mvua ya kwanza ikishapiga, ardhi inatoa ile harufu, bibi anaenda kukiangalia kichuguu kama daktari anaeangalia mgonjwa. Anatafuta askari. Wale wenye vichwa vikubwa vyekunduvyekundu, vitundu vikishatobolewa na wao wakajipanga mlangoni bibi anasema leo kumbikumbi wanatoka. Basi linachimbwa shimo dogo chini ya kichuguu, ndani inawekwa ndoo, juu tunafunika na majani na blanketi kuukuu, tunaacha uwazi mmoja tu kwenye shimo na pale tunaweka kibatari. Wao wanafuata mwanga. Unasikia kwanza kama mvua ndogo kwenye majani makavu, shshshsh, alafu ndoo inaanza kujaa. Sisi watoto tulikuwa tunakula wale wa kwanza hivyo hivyo wabichi, unamshika mabawa unakula mwili, wana utamu wa maziwa fulani hivi.

Kukaanga hauhitaji mafuta, wana mafuta yao. Unaweka kikaango kikavu, moto mdogo, unageuza geuza, mabawa yanajitoa yenyewe, chumvi kidogo, alafu unapepeta kwenye ungo na mabawa yanaruka uwanja mzima yanametameta. Hapo weka ugali wa uwele na mlenda pembeni alafu nitafute unambie umekula nini. Mjini hapa njia ni fupi zaidi, taa ya nje na beseni la maji chini yake, asubuhi beseni limejaa, na kuku nao wameshiba mpaka wanatembea kama wajawazito.

Nije kwenye afya maana hapo ndo nina hoja kubwa. Nilipokuwa na mtoto wa mwisho nilikuwa napeleka kliniki, sitaji ipi. Ukutani kuna bango la makundi ya chakula, kuna samaki, kuna yai, kuna glasi ya maziwa, kuna nyama. Nesi anatufundisha, mtoto akifika miezi sita anzeni kumuongezea vyakula vya protini, hivo na hivo. Nikanyoosha mkono nikauliza, na kumbikumbi je? Akina mama wakaangua kicheko, mmoja akapiga makofi kabisa. Nesi akatabasamu akasema tuendelee. Mwishoni wakati napimiwa mtoto akaniinamia akaniambia kwa sauti ya chini, "Mi mwenyewe nawala dada, saga uweke kwenye uji wake." Kwa sauti ya chini! Kama ananiuzia gongo.

Mbona isemwe kwa siri? Kitu kikikauka kama theluthi yake ni protini, kina mafuta, kina madini ya chuma na zinki, na ukijikamatia mwenyewe hakinunuliwi. Nchi yetu kwa utafiti wa afya wa mwaka 2022, watoto chini ya miaka mitano 30 kati ya kila 100 wamedumaa. Trei la mayai mnalijua bei yake, na maziwa mama wa Chang'ombe yetu hii ya Dodoma hanunui kila siku. Sisemi kumbikumbi wataondoa udumavu, wanatoka wiki chache tu kwa mwaka, lakini wakikaushwa vizuri wanakaa, na hizo wiki zenyewe ndo zile ghala limeisha watu wako shambani wanalima na njaa. Mungu kawaleta muda huo huo alafu sisi tunawapa kuku.

Na hapo kuna kingine kinanichekesha. Nanenane pale Nzuguni nimeona kwa macho yangu banda zuri, vijana wamevaa tisheti za kufanana, wanafuga funza wa kulisha kuku, wakubwa wanapita wanapiga nao picha, wanapongeza ubunifu. Sawa kabisa, na mi nawapongeza. Lakini maana yake ni kwamba mdudu akipita kwanza tumboni kwa kuku ndo anakuwa chakula, ukimkatia njia ukamla mwenyewe unakuwa mchafu.

Najua mtaniambia habari ya usalama, kwamba chakula cha barabarani, kwamba hakijapimwa. Hapo siwabishii, tena naenda mbele zaidi yenu maana hatari nazijua kuliko huyo mgambo. Huu mji unajengwa. Tangu serikali ianze kuhamia mwaka 2016 na tukawa jiji 2018, kila kona ni msingi, Iyumbu, Nala, Ihumwa, kote, na ardhi yetu hii haijengwi bila dawa ya mchwa, fundi anamwagia msingi mzima kabla ya kumwaga zege. Mvua ikinyesha kumbikumbi wanatoka hapo hapo pembeni, na mtoto anaweka beseni hapo hapo. Mwaka juzi kijana mmoja aliniletea ndoo nzima, wazuri wakubwa, bei ya kutupa, nkamuuliza umetoa wapi akasema kwenye saiti anapolinda. Nikamrudishia. Alikasirika akanambia nina maringo, akaenda kuuza kwingine na najua aliuza. Kuna hao, kuna wanaookota chini ya taa za barabarani ambapo kuna oili za magari na vumbi la breki, kuna wanaokausha nusu nusu mafuta yanachacha, ukila tumbo linavuruga. Na kuna mtu akila kamba wa baharini anavimba midomo, huyo na kumbikumbi awe makini maana hao ni ndugu wa mbali, protini inayomvimbisha kwenye kamba na ya kwenye mdudu zinafanana. (Na hapo hapo nauliza, kamba wa hotelini mwenye miguu kumi na ndevu mnamla kwa elfu arobaini, kumbikumbi wa miguu sita ndo anawatisha?)

Kwa hiyo hatari ipo. Lakini mnakumbuka 2016? Sumukuvu, ile sumu ya ukungu, kwenye mahindi, hapa hapa Dodoma na wenzetu wa Manyara, watu 68 waliugua na 20 wakafa. Ishirini. Kuna mgambo alipita sokoni anamwaga mahindi anasema takataka? Hakuna. Tulifundishwa kukausha, tuliambiwa tusianike chini, redioni kila siku sumukuvu sumukuvu, na baadae kikajengwa kituo kikubwa pale Mtanana, Kongwa, cha kushughulika na nafaka zikishavunwa. Mahindi yaliua watu na bado mliyaheshimu, mkayatafutia dawa. Kumbikumbi wangu hajaua mtu na hajapata hata karatasi moja ya kumfundisha muuzaji.

Wenzetu wameshatoka huko. Kenya tangu mwaka 2020 wana viwango vya wadudu wa kuliwa, vimeandikwa, mtu anafuga nyenje anasaga unga anauza dukani. Thailand wana mashamba ya nyenje kama elfu 20. Umoja wa Ulaya, wale wale ambao tukiwaiga suti tunajiona, mwaka 2021 waliruhusu funza wa unga waliokaushwa wauzwe kama chakula na nzige wakafuatia mwaka huo huo, na Singapore mwaka 2024 wakaruhusu aina 16 kwa mpigo. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilishaandika tangu 2013 kwamba aina zaidi ya 1,900 zinaliwa duniani. Nahofia siku moja kumbikumbi watatoka Ulaya kwenye pakiti la kumetameta wameandikwa bei ya dola, ndo mtawanunua hapo mjini kwenye supamaketi, na yule dada wa kitambulisho atapiga nao selfi.

Wa dini msinishambulie pia, Yohana Mbatizaji alikula nzige na asali ya mwitu na hakuna mchungaji aliewahi kumuita mshamba, na kwa ndugu zangu Waislamu nzige ni halali inajulikana. Nzige sio kumbikumbi najua, mashehe na wachungaji watazungumza wenyewe, mi nasema tu mdudu kwenye sahani hakuanza leo. Ila nzige waliopigiwa dawa na ndege ya serikali msiokote, hilo naliongezea bure.

Sasa nataka nini. Kwanza meza. Sihitaji soko jipya, nahitaji kumbikumbi aandikwe kwenye orodha ya vitu vinavyouzwa sokoni kama dagaa alivyoandikwa, ushuru nitalipa, nipewe risiti, mgambo akija nimuoneshe. Pili mwongozo wowote mlionao wa wadudu wa kuliwa uleteni huku chini, ukurasa mmoja, Kiswahili cha kueleweka, usiwe kitabu, useme usiokote karibu na msingi uliopigwa dawa, usiokote chini ya taa ya barabara kuu, kausha mpaka akivunjwa alie, tunza kwenye chombo kikavu chenye mfuniko. Na mkandarasi akimwagia dawa aweke kibao, maana saivi kibao kinaandikwa jina la mradi na jina la mhandisi na simu, sumu iliyo chini yake haiandikwi popote. Kupima nako mtusaidie. Mi nauza kikombe 500, siwezi kupeleka maabara sampuli kwa hela ambayo sijawahi kuishika, lakini tukiwa akina mama 20 mkatupima kwa pamoja mwanzo wa msimu inawezekana, mbona maziwa mnapima.

Lile bango la kliniki nalo, chora kumbikumbi mmoja tu. Mmoja, pale karibu na dagaa. Mtoto wangu wa pili aliwahi kubeba kumbikumbi shule kwenye kontena, wenzake wakamuita Mchwa mpaka anamaliza darasa la sita, jina likamganda, saivi hali tena hata nikimfungia mlango. Mtoto wa Dodoma, babu na bibi Wagogo, anaona kinyaa chakula cha kwao na anakula chipsi za mafuta meusi. Mwalimu alikuwepo na alicheka na yeye. Sio kwamba alikuwa mbaya, hakuna mahali amewahi kuona kimeandikwa kwamba hiki ni chakula.

Zabibu zetu mlizifanyia hivo, leo mtu akitoka Dodoma asipobeba zabibu kwao wanamnunia. Basi na kikao kimoja tu pale Mtumba, kati ya karanga na korosho mnazowekaga mezani, wekeni kisahani cha kumbikumbi. Mkubwa mmoja akila mbele ya kamera nusu ya kazi imeisha, maana huku kwetu watu hawaogopi mdudu, wanaogopa kuonekana.

Mvua zikianza mwezi wa kumi na moja au wa kumi na mbili nitakuwa na wapya. Nitawaletea wenyewe, kikombe cha kwanza bure, nitakuja na kopo lenye mfuniko mwekundu kama ndo linalotakiwa. Ila kwanza naomba sinia langu. Ni la bati, limebonyea upande mmoja, katikati lina ua jekundu limefutika nusu, nilipewa na bibi. Likipatikana mtu yeyote aliache kwa akina mama wa dagaa, watanipa.

Ni mimi,
mama karanga, Dodoma